Kuchaguliwa chuo kikuu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wahitimu na wazazi wa Mtwara na Lindi

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka, kwa kawaida mwezi wa saba, simu za walimu wa huku kusini hazilali. Mzazi wa Newala, mhitimu wa Ndanda, dada aliyemaliza diploma ya afya, baba wa Liwale anayepiga akiwa amesimama juu ya kichuguu ili mtandao ushike, wote wanauliza yale yale. Nimeyakusanya hapa na kuyajibu kama ninavyoyajibu ana kwa ana. Tarehe za kufungua na kufunga maombi hubadilika kila mwaka, hivyo zisome kwenye kalenda ya udahili inayotolewa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU. Ninachoeleza ni namna mambo yanavyokwenda.

Mwanangu kapata Daraja la Pili. Si ameshapata chuo huyo?

Bado. Hapa ndipo watu wengi wanapoumia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Daraja hutolewa na Baraza la Mitihani, NECTA, kwa kujumlisha masomo matatu ya tahasusi, yaani mchepuo aliosoma. A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, E ni 5, S ni 6 na F ni 7. Jumla ikiwa ndogo ndiyo uzuri: 3 hadi 9 ni Daraja la Kwanza, 10 hadi 12 la Pili, 13 hadi 17 la Tatu. Vyuo vikuu havihesabu hivyo. Kwao A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1, na mwenye nyingi ndiye bora. Sharti la chini la TCU ni prinsipo mbili, yaani alama kati ya A na E katika masomo mawili, zenye jumla ya pointi 4. Na masomo hayo mawili yawe ndiyo yanayotakiwa na kozi inayoombwa, siyo mawili yoyote.

Sasa chukua karatasi na kalamu. Vijana wawili wana pointi 14 kila mmoja, wote Daraja la Tatu. Wa kwanza ana C, E na S. Wa pili ana D, E na E. Kwa wa kwanza, C ni 3 na E ni 1, jumla 4, amefika. Kwa wa pili, D ni 2 na E ni 1, jumla 3, hajafika, ingawa ana prinsipo tatu na mwenzake anazo mbili tu. Nyumbani kwa huyu wa pili watasema mtoto kaonewa. Hakuna aliyemwonea, ni hesabu mbili tofauti zinazosomwa kwenye karatasi moja.

Mfano wa pili unashangaza zaidi. Binti wa PCB, tahasusi ya Fizikia, Kemia na Baiolojia, ana Fizikia E, Kemia C, Baiolojia B. Kwa NECTA hiyo ni 5, 3 na 2, jumla 10, Daraja la Pili zuri tu. Darasani kwake yupo kijana mwenye D zote tatu, jumla 12, Daraja la Pili la mwisho mwisho. Wote wanataka udaktari wa binadamu. Kozi hiyo inataka angalau D katika Fizikia, Kemia na Baiolojia, jumla isipungue pointi 6. Kijana wa 12 ana sifa. Binti wa 10 hana, kwa sababu ya E moja ya Fizikia. Nafasi ya huyo kijana kupita kwenye ushindani nitaisema chini, lakini kwa sifa yuko ndani na binti yuko nje. Binti huyo asilie sana, maana kwa Kemia na Baiolojia yake zipo kozi nyingi za sayansi na kilimo zitakazompokea kwa mikono miwili.

Kwa hiyo mtoto akikuletea matokeo, mzazi, usiishie kwenye daraja. Uliza Fizikia kapata nini, Jiografia kapata nini.

Anayechagua ni TCU au chuo?

Chuo. Waliomaliza kati ya mwaka 2010 na 2016 wanakumbuka mfumo mmoja wa pamoja uliokuwa chini ya TCU: unaingia humo, unapanga kozi zako, unasubiri kupangiwa. Mfumo huo ulikoma mwaka 2017. Tangu hapo mwombaji anatuma maombi moja kwa moja kwenye kila chuo anachokitaka, kwenye tovuti ya chuo chenyewe.

Kazi ya TCU ni kuweka sifa za chini, kuchapisha mwongozo wa udahili kila mwaka, kupanga kalenda, na kukagua majina ambayo vyuo vimeyachagua kabla hayajatangazwa. Chuo kikimchukua asiye na sifa, jina hilo hukwama huko. Kaka zetu waliosoma zamani wanawaambia wadogo zao “jaza TCU”. Siku hizi ukisubiri kujaza TCU, dirisha litafungwa umekaa.

Huo mwongozo wa udahili ni nini, na lazima niusome?

Ni kitabu kinachopatikana bure kwenye tovuti ya TCU. Kuna cha wenye kidato cha sita na kuna cha wenye diploma na sifa linganishi. Kila chuo kimeorodheshwa na kozi zake, na mbele ya kila kozi zimeandikwa sifa zinazotakiwa, pointi za chini za chuo, idadi ya nafasi na miaka ya masomo.

Ni kirefu na kimeandikwa kwa Kiingereza, lakini huhitaji kukisoma chote. Nenda kwenye kozi unayoitaka, soma mstari wake mmoja neno kwa neno. Angalia hasa panapotajwa masomo, kwa sababu kati ya “mawili kati ya haya” na “haya yote mawili” kuna mtu kukosa chuo mwaka mzima. Kuna kozi za uchumi na biashara zinazokubali tahasusi yoyote mradi una Hisabati kwa kiwango fulani, iwe kidato cha sita, iwe ile Hisabati ndogo ya BAM, au hata alama ya kidato cha nne. Mistari midogo kama hiyo ndiyo inayofungua milango ambayo watu hawaioni.

Nimetimiza sifa zote. Kwa nini nimeachwa?

Korosho kupokelewa ghalani siyo kuuzwa, bei inaamuliwa mnadani. Kuwa na sifa kunakuingiza kwenye kundi la watakaoshindanishwa, basi.

Chukulia kozi ina nafasi 100 na wenye sifa walioomba ni 900. Chuo kinawapanga kwa pointi kuanzia juu kushuka chini, na nafasi zikijaa kinafunga. Wa mwisho kuingia ndiye aliyeweka kizingiti cha mwaka huo, na hakuna aliyekijua kabla, wala chuo chenyewe. Mwaka unaofuata waombaji wakibadilika, nacho kinabadilika. Ndiyo maana dada yako aliingia kwa pointi 7 na wewe umeachwa na hizo hizo 7.

Turudi kwa kijana wetu wa D tatu. Ana sifa ya udaktari, lakini akiomba Muhimbili peke yake, atakutana na wenye A na B kutoka nchi nzima. Simkatazi. Namwambia asiweke matumaini yake yote hapo.

Ushindani mkubwa uko kwenye udaktari, famasi, sheria na uhandisi kwenye vyuo vikongwe vya umma. Kozi hiyo hiyo kwenye chuo kipya au cha binafsi mara nyingi ina foleni fupi, na ithibati inayotolewa na TCU ni ile ile.

Niombe vyuo vingapi?

Uwezavyo kulipia. Kila chuo kina ada yake ya maombi, kwa kawaida shilingi 10,000, na ndani ya chuo kimoja unaruhusiwa kupanga kozi kadhaa kwa kufuata unayoipenda zaidi. Maombi yanaangukia majira ya mauzo ya ufuta, kwa hiyo nyumba nyingi za Lindi, Ruangwa na Nachingwea hawashindwi kupata elfu thelathini au arobaini. Shida ni kuzigawa.

Ushauri wangu ni huu. Chuo kimoja kiwe cha ndoto yako. Viwili viwe vya kiwango chako, ambako pointi zako hazikuachi juu wala chini sana. Kimoja kiwe ambacho unajua kitakuchukua na bado uko tayari kwenda kusoma. Hayo maneno ya mwisho nayarudia kila mwaka, maana kuna vijana wanaomba kozi “ya akiba” wasiyoitaka kabisa, wakichaguliwa hawaendi, na nafasi imepotea kwao na kwa mwingine.

Kosa jingine ni kupanga kozi tano ndani ya chuo kimoja, zote za ushindani mkali. Hapo umeomba kitu kimoja mara tano.

Naweza kumwachia kijana wa steshenari anijazie?

Kukusaidia kuandika, sawa. Kumwachia, hapana.

Pita steshenari yoyote ya karibu na stendi mwezi wa saba. Vijana wamejipanga hadi nje, mikononi karatasi zilizokunjwa mara nne zenye namba ya mtihani, na mjazaji ni mmoja kwenye kompyuta moja, feni imeelekezwa kwake. Ili aende mbio, anaweka namba yake mwenyewe ya simu, anatengeneza barua pepe anayoijua yeye, na nywila ni moja kwa wateja wote. Kozi anazichagua kwa kuangalia zilizopo juu kwenye orodha. Unalipa, unapewa kikaratasi, unaondoka umefurahi. Wiki kadhaa baadaye ujumbe wa chuo wenye namba ya siri unaingia kwenye simu yake. Naye kashahamia Dar, au laini ile kaitupa.

Kwa hiyo ukienda, nenda na laini yako iliyosajiliwa kwa jina lako au la mzazi, ambayo haitazimwa kabla ya mwezi wa kumi na moja. Barua pepe itengenezwe ukiwa umekaa hapo, nywila uiandike wewe kwenye daftari. Kozi uwe umezichagua nyumbani, umeziandika kwa mpangilio pamoja na namba zake za kwenye mwongozo. Kabla hajabonyeza kutuma, soma mwenyewe skrini: namba ya mtihani wa kidato cha nne, ya kidato cha sita, mwaka. Tarakimu moja ikikosewa mfumo utaleta matokeo ya mtu mwingine, au hautaleta kitu. Akinuna kwamba unamchelewesha, mwache anune.

Niko Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, kwa mujibu wa sheria, matokeo yametoka nikiwa kambini. Nifanyeje?

Kambini, iwe Nachingwea au kwingine, simu si kitu cha kutegemea. Jipange kabla ya kuondoka. Andika kozi zako kwa makundi mawili: kama matokeo yakiwa mazuri na kama yakiwa ya kawaida. Mwachie mtu mmoja unayemwamini, mmoja tu, pamoja na laini ya simu, namba zako za mitihani na hela ya maombi. Shangazi mwenye simu kubwa anafaa kuliko rafiki ambaye naye anaomba kozi hiyo hiyo.

Huyo uliyemwachia aelezwe kwamba kazi yake haiishi siku ya kutuma maombi. Kuna majina ya kuangalia na kuna kuthibitisha.

Nimechaguliwa vyuo viwili. Kuthibitisha maana yake nini?

Ukichaguliwa na chuo zaidi ya kimoja, unatakiwa kukubali kimoja ndani ya siku chache zilizotangazwa. Unatumiwa namba maalumu ya siri kwa ujumbe wa simu au barua pepe, unaingia kwenye akaunti yako ya chuo ulichokichagua na kuiandika hapo. Namba isipokuja, ndani ya akaunti hiyo kuna sehemu ya kuomba itumwe upya. Ukishaiandika, vile vyuo vingine vilivyokuchagua vinakuachilia.

Usipothibitisha popote, umejiweka mwenyewe kwenye hatari ya kukosa vyote. Na ukishathibitisha huwezi kuomba tena awamu inayofuata mpaka ujitoe kwanza, kwa hiyo usithibitishe kwa papara kisa rafiki zako wote wanakwenda Dodoma. Linganisha kozi kabla ya jina la chuo. Aliyechaguliwa na chuo kimoja tu hana haja ya namba hiyo.

Sikusoma kidato cha tano na sita, nina diploma. Nina nafasi?

Unayo, na kitabu chako ni kile cha pili cha mwongozo. Kwa jumla unatakiwa uwe na ufaulu wa masomo manne kidato cha nne, D au zaidi, pamoja na diploma yenye wastani wa angalau 3.0. Diploma ya ualimu inataka wastani wa B. Kozi nyingi zinataka pia diploma iwe ya fani inayohusiana.

Kabla ya kuomba, pata namba ya uhakiki wa tuzo, ile AVN, kutoka NACTVET, Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi. Bila hiyo mfumo wa chuo hauwezi kusoma matokeo yako. Chuo ulichosoma kikichelewa kupeleka matokeo, namba haitoki, kwa hiyo anza kukifuatilia mapema.

Kumbe kidato cha nne bado kinahesabiwa?

Ndiyo, na wanaoshtuka zaidi ni watu wa diploma. Mwenye diploma ya utabibu anayetaka kwenda kusomea udaktari anatakiwa awe na D au zaidi kidato cha nne katika Hisabati, Kemia, Baiolojia, Fizikia na Kiingereza. Nimeona matabibu wazuri, wenye wastani mkubwa wa diploma, wamesimamishwa na F ya Hisabati waliyoipata wakiwa na miaka 17. Dawa yake ipo: kusajiliwa kama mtahiniwa wa kujitegemea na kulirudia somo hilo. Inachukua mwaka, lakini kuliko kuomba kila mwaka na kukataliwa kila mwaka, heri hivyo.

Nilimaliza kidato cha sita mwaka 2015. Matokeo yangu yanasomwaje?

Mwaka 2014 na 2015 NECTA ilitumia mpangilio tofauti wenye B+, na matokeo yalitolewa kwa wastani badala ya madaraja. Kwa wahitimu wa miaka hiyo miwili A ni 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2 na D ni 1. Hivyo C mbili zako zinakupa pointi 4 na zinatosha sharti la chini. Cheti hakijaoza.

Pointi hazijatimia. Ndiyo basi?

Kuna njia kadhaa. Unaweza kurudia mtihani. Unaweza kusoma diploma, na kwa maoni yangu hii ndiyo njia inayodharauliwa bila sababu, kwani unatoka na ujuzi mkononi hata kama shahada itachelewa.

Ipo pia programu ya msingi ya Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, ambacho kina vituo vya mkoa Mtwara na Lindi. Anayeingia anatakiwa awe na angalau pointi 1.5 kutoka masomo mawili ya kidato cha sita, au diploma yenye wastani usiopungua 2.0. Akimaliza kwa wastani wa 3.0, na angalau C kwenye masomo matatu ya kundi lake, anaruhusiwa kuomba shahada. Ni masomo ya kujisomea, yanahitaji mtu mwenye nidhamu.

Kuna shahada ninayoweza kusoma huku kusini, bila kuvuka Daraja la Mkapa la mto Rufiji?

Ipo. Mtwara mjini kuna Chuo Kikuu Kishiriki cha Stella Maris, kilichoanza mwaka 2009 chini ya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino, na ualimu ndio umekipa jina. Taasisi ya Uhasibu Tanzania nayo ina kampasi Mtwara. Chuo Kikuu Huria nimeshakitaja. Lindi, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimekuwa kikijenga kampasi ya masomo ya kilimo kupitia mradi wa serikali wa elimu ya juu uitwao HEET, kwa hiyo angalia kwenye mwongozo wa mwaka husika kozi zilizofunguliwa huko.

Kuna wazazi wanaona aibu mtoto kusoma nyumbani. Pigeni hesabu ya kodi ya chumba Dar, kisha tuongee tena.

Kuomba chuo na kuomba mkopo ni kitu kimoja?

Ni vitu viwili, kwenye mifumo miwili. Mkopo unaombwa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, HESLB, na dirisha lake mara nyingi hufunguliwa hata kabla ya matokeo ya kidato cha sita kutoka. Anayesubiri achaguliwe kwanza ndipo aombe mkopo hukuta pamefungwa. Ada ya kuomba imekuwa shilingi 30,000.

Huku kwetu mkopo haukwamishwi na umaskini kutoonekana, unakwamishwa na vyeti. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, na kama mzazi amefariki, cheti chake cha kifo pia. Vijijini wengi hawana vyote viwili. Ukianza kuvitafuta mwezi wa saba, wakati kila mtu yuko kwenye ofisi ya wilaya kwa shida hiyo hiyo, hutavipata kwa wakati. Anza mtoto akiwa kidato cha tano. Kaya iliyo kwenye mpango wa TASAF, ule wa serikali wa kusaidia kaya maskini, iwe na uthibitisho wake, maana yatima, wenye ulemavu na watoto wa kaya hizo hupewa uzito. Fomu inasainiwa na uongozi wa kijiji au mtaa na mwanasheria au hakimu, kisha inarudishwa kwenye mfumo. Ukurasa mmoja usiosainiwa unatosha kukurudisha nyuma.

Na hili lizingatiwe: namba ya kidato cha nne unayoombea mkopo iwe ile ile uliyoombea chuo. Waliorudia mtihani wana namba mbili, na wengi wanazichanganya. Bodi ikitafuta jina lako kwenye orodha ya waliodahiliwa haitalikuta, na bumu halitakuja.

Jina la cheti cha kuzaliwa ni Hamisi, la NECTA ni Khamis. Ni tatizo?

Linaweza kuwa, hasa kwenye mkopo na siku ya usajili chuoni. Kwetu majina ya shuleni, ya msikitini au kanisani na ya nyumbani huwa hayafanani, na mwalimu wa darasa la kwanza aliandika alivyosikia. Tofauti ndogo ya herufi hurekebishwa kwa kiapo mbele ya mwanasheria au hakimu. Tofauti ya jina zima inahitaji hati ya kisheria ya majina. Rekebisha kabla ya maombi.

Ada itatoka wapi ikiwa vyuo vinafunguliwa kabla hela ya korosho haijaingia?

Mwaka wa masomo huanza kati ya mwezi wa kumi na wa kumi na moja, wakati minada ya korosho ndiyo inaanza na malipo kupitia AMCOS, yaani vyama vya ushirika vya wakulima, bado hayajatulia. Ada ya kozi nyingi za sanaa kwenye vyuo vya umma ni kati ya milioni moja na milioni moja na nusu kwa mwaka, na vyuo huruhusu kulipa kwa awamu, angalau nusu kila muhula. Kinachotakiwa mkononi mwanzoni ni awamu ya kwanza, michango midogo ya usajili, nauli, na chakula cha wiki za mwanzo. Wenye ufuta au mbaazi watenge hiyo kabla harusi za mwezi wa tisa hazijaanza kuchangishwa.

Kuna mtu anasema ana ndugu ndani ya chuo, nimpe laki tatu aniingize.

Usimpe. Majina yanapitia ukaguzi wa TCU, na matokeo yanavutwa moja kwa moja kutoka NECTA. Matapeli hawa wana ujanja mmoja: wanachukua hela kwa watu kumi wenye sifa, sita wanachaguliwa kwa pointi zao wenyewe, anajisifu kwa hao sita, na wanne anawaambia “mwaka huu mambo yalibana”. Malipo halali ya vyuo vya umma yanalipwa kwa namba ya kumbukumbu inayotolewa na mfumo, hayaendi kwenye simu ya mtu.

Mtoto kasoma sekondari Msumbiji. Anaweza kuomba hapa?

Anaweza, baada ya cheti chake kulinganishwa na NECTA, ambayo ndiyo inayosema ufaulu wake ni sawa na kiwango gani cha kwetu. Familia za kando ya Ruvuma zisichukue hatua hii mwishoni. Cheti cha Kireno kitahitaji tafsiri iliyothibitishwa, nayo ina muda wake.

Nimekosa awamu ya kwanza. Nisubiri mwaka kesho?

Hapana, awamu ya pili hufunguliwa, na kuna miaka ya tatu pia. Ila usirudie yale yale. Kozi iliyokuacha awamu ya kwanza imeshajaza nafasi nyingi, hivyo itakuacha tena. Vyuo hutangaza kozi ambazo bado zina nafasi, na hapo ndipo pa kuangalia.

Nimechaguliwa kozi nisiyoipenda. Naweza kuhama?

Inawezekana kwa masharti mawili: uwe na sifa za kozi unayohamia, na huko nafasi iwepo. Kuhama kozi ndani ya chuo kimoja kunaombwa chuoni wiki za mwanzo baada ya usajili. Kuhama chuo kwenda chuo kuna dirisha lake fupi kwenye kalenda ya TCU, na maombi yanapitia kwenye mfumo wa chuo. Nenda kasajiliwe kwanza ulikochaguliwa. Anayebaki nyumbani Tandahimba akisubiri uhamisho ambao hajauomba, mwezi wa kumi na mbili atakuwa hana kozi ya zamani wala mpya.